Masharubu ya Alto

Saluni yetu iko Bellevue, mtaa wa Johannesburg, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba mpaka hata varanda ikapata mpangaji. Sisi tuko chumba cha mbele, mimi na mwenzangu Mrundi, na kazi yetu ni kusuka, kushona wigi na kusikiliza matatizo ya watu. Mwanaume akiingia mle huwa ni mume wa mtu, amekuja kuuliza kama mkewe bado sana. Kwa hiyo siku alipoingia mzee wa Kizungu, peke yake, na kisanduku cheusi mkononi, wateja wote waligeuka na vichwa vyao vya nusunusu, upande umesukwa na upande umesimama.

Alitaka kununua nywele fupi. Nywele za mtu, si za plastiki, rangi ya kahawia. Mwenzangu akamuuliza kama ni za mke wake. Akasema hapana, ni za kutengenezea masharubu. Kicheko kilichotoka humo ndani kilimfikia hadi mwenye spaza, kile kiduka cha ng'ambo ya barabara, akaja kuchungulia dirishani. Mzee mwenyewe alicheka, uso umemwiva, kisha akaeleza polepole. Alikuwa fundi bomba mstaafu, na alikuwa na bendi. Watu wake wanavaa kama askari wa zama za vita vya Waingereza na Makaburu, wanapiga kambi uwanjani, wanapika kwa kuni, na wanapuliza tarumbeta za wakati huohuo, zenye umri wa miaka mia na zaidi. Askari wa wakati ule hawakuruhusiwa kunyoa mdomo wa juu. Sasa wanaume wake wengi ni watu wa ofisini, nyuso zao laini kama mayai, na yeye hapendi kudanganya watazamaji.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza habari za masharubu. Nilikuwa nakitazama kile kisanduku. Nikamuuliza ndani mna nini, akakifungua. Ilikuwa alto.

Kwa asiyejua, alto ni mtoto wa kati katika familia ya ala za shaba. Si mdogo anayelia juu kama kolneti, wala si baba anayenguruma kama tuba. Anakaa katikati akiushikilia wimbo usianguke, na ni mara chache sana anapewa maneno yake mwenyewe. Hii ya mzee ilikuwa imechakaa fedha yote pale panaposhikwa, pistoni zake tatu zilikuwa fupi na ngumu, na shingoni ilikuwa na kiraka alichokilehemu yeye mwenyewe. Nilinawa mikono kuondoa mafuta ya nywele, nikaipakata, nikapuliza ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kwetu. Mteja niliyemwacha na kitana kichwani akasema, "Eh, maman, hii nayo umeitoa wapi?" Mzee akatoa kalamu, akaniandikia. Aliondoka na nywele zake, na mimi nikabaki na anwani ya ukumbi wao wa mazoezi.

Nilikuwa nimeitoa kwa baba. Baba aliongoza fanfare, bendi ya tarumbeta ya kanisa letu, Bukavu kule Kongo, na kaka zangu wote aliwafundisha, apende asipende mtoto. Mimi nilipewa kazi ya kusafisha ala, kwa maji ya vuguvugu, majivu na ndimu. Sasa ala haisafishwi bila kupulizwa, maana lazima uhakikishe maji yametoka. Nilipuliza maji yakatoka, nikaendelea kupuliza. Kila kosa baba alilowasahihisha kaka zangu nililisikia, nikalirekebisha kwangu kimyakimya. Alipokuja kujua hakunikataza. Alisema tu kwamba nipulizie ndani. Msichana akivimbisha mashavu nje, alisema, watu hawasikii wimbo, wanaona mashavu. Jumapili fanfare ilipoteremka barabarani, mimi nilitembea kando nikiwa nimebeba chupa ya mafuta ya pistoni. Sikumchukia baba kwa hilo. Nilimpenda, na iliniuma, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu miaka mingi bila kugombana.

Basi nikaingia bendi ya watu wa zamani. Mazoezi yalikuwa Jumatatu, siku ambayo saluni imefungwa, katika ukumbi mmoja Newtown. Kolneti ya kwanza ilikuwa ya Mkenya mmoja wa benki, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Tromboni walikuwa Wazulu watatu waliokulia kwenye bendi za makanisa ya Soweto, na tuba walipokezana ndugu wawili wa Kizungu ambao sikuwahi kujua nani mkubwa. Tuliongea Kiingereza, changu ni cha kuombea maji, lakini muziki hauhitaji zaidi ya hapo. Ala zile zina tabia moja ambayo mtu wa nje hawezi kuijua: sauti yake iko juu kidogo kuliko ala za leo. Zenyewe kwa zenyewe zinaelewana, lakini ukizileta kwenye kinanda cha sasa zinagombana nacho kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkenya alijaribu kuipeleka kolneti yake kanisani kwao, akaombwa kwa upole akae chini. Mzee alipoletewa habari hiyo alisema kinanda ndicho kilichokosea.

Siku moja nilimwambia baba. Kila Jumapili baada ya misa hunipigia simu, aulize mvua, watoto, saluni. Nikamwambia nimepata bendi, napuliza alto, na mwezi ujao tutapuliza uwanjani.

"Nje?" akauliza. "Mbele ya bantu?" Kwa Kiswahili cha kwetu, bantu ni watu.

"Ndiyo, papa. Nje."

Nikasikia kuku wa jirani yake. Nilijiandaa kwa lolote. Kisha akasema, "Utume picha zenye kutembea. Niangalie."

Sijui kama mtu aliyeruhusiwa tangu utotoni anaweza kuelewa maneno yale yalinifanya nini. Nilimaliza siku nzima nikiimba. Baba ana umri mkubwa, magoti yamemkataa, na barabara ya kwetu sasa haipitiki kwa amani. Hatakuja Johannesburg, nami sijui nitarudi lini. Nilitaka kitu kimoja tu: anione napuliza nje, angali na macho ya kuonea.

Ndipo mzee akanitolea sheria yake. Kambini, akasema, naweza kukaa kando ya hema na gauni refu, kama wanawake wa wakati ule. Lakini kwenye mstari wa bendi hapakuwa na mwanamke hata mmoja, kwa hiyo anayesimama mstarini anasimama kama mwanaume. Kofia, koti, suruali, masharubu. Hakuwa na ubaya wowote, alisema hivyo kama mtu anavyokuambia bomba la inchi moja haliingii kwenye la nusu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilizihisi zikipanda. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama.

Masharubu yote niliyatengeneza mimi. Unachukua kipande cha wavu wa wigi, kulabu nyembamba kuliko sindano ya mkeka, na unafunga unywele mmoja mmoja, fundo kwa fundo. Mpuliza shaba hawezi kuvaa masharubu ya mtu mwingine yeyote. Lazima yawe mafupi katikati, pale kipulizio kinapokaa, na marefu pembeni ili heshima ionekane. Kila mwanaume alikuja saluni kupimwa, akakaa kwenye kiti cha wateja na taulo mabegani, na wateja wakatoa maoni. Wazulu walitaka ya kusokota. Mkenya alitaka ya kiasi, yanayofaa benki. Mwisho nikakaa mwenyewe mbele ya kioo na kujipima.

"Ma chère," mwenzangu akasema, "si wanasema kinyozi hajinyoi?"

"Kunyoa ndio hajinyoi. Hili la kujiotesha hawakulisema."

Alicheka mpaka akaangusha kitana. Mimi nilicheka pia, ingawa kioo kilinionyesha mtu aliyefanana na kaka yangu mkubwa kuliko nilivyotaka.

Mazoezi ya kwanza na masharubu yalikuwa balaa. Niliwapa gundi ya wigi, ile inayoshikilia hata mvua ikinyesha, na kuwaambia wapake kidogo, juu kabisa, chini ya pua. Mkenya, mtu wa kupenda kazi kamili, alipaka hadi ukingo wa mdomo. Kipande cha kwanza cha muziki kilikwenda vizuri. Kilipokwisha akashusha kolneti, na masharubu yakaenda nayo, yakaning'inia kwenye kipulizio huku yeye akishika mdomo kwa mikono miwili.

"Waa! Mama, hii kitu yako imenitoa ngozi!"

"Nilikwambia juu."

"Juu ya nini? Mdomo ndio uko hapa!"

Tromboni mmoja alilia kwa kucheka, machozi yakamteremkia kwenye ya kwake yakalegea pia. Tangu siku hiyo gundi nilipaka mimi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, wamepanga foleni na pua zimeinuliwa kama watoto wa chanjo.

Siku ya uwanjani ilikuwa ya baridi na jua, kama siku za huku wakati wa kipupwe, nyasi za kahawia na anga isiyo na doa. Uwanja ulikuwa wa shamba moja nje ya mji. Mahema meupe yalisimama safu, moshi wa kuni ukaenda chini chini, na watu walikuja na viti vya kukunja na watoto na mbwa. Mwenzangu alikuja na simu yangu ili arekodi. Nilisimama katikati ya mstari, kolneti kulia kwangu, tromboni kushoto. Shaba ilikuwa baridi mpaka ikauma, nikaishika kifuani ipate joto.

Tulipoanza, sauti ilitoka ikaenda. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Ndani ya nyumba sauti yako inagonga ukuta na kukurudia, unaisikia mpaka unaichoka. Nje haikurudi. Iliondoka ikapita juu ya vichwa vya watu, ikavuka nyasi, ikaendelea huko ilikokwenda. Nilivimbisha mashavu yangu kama yalivyotaka kuvimba. Kuna mahali katika kile kipande ambapo kolneti zinanyamaza na alto inabaki na wimbo peke yake, mistari michache tu, na nilipofika hapo sikuogopa kitu. Nilifurahi, furaha ya kweli.

Picha nikamtumia baba jioni hiyo. Jumapili akapiga.

"Nimeangalia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba. "Bantu ba bendi yenu banajua. Ule mutu wa alto, ule wa katikati, anapuliza muzuri sana. Ni mutu wa wapi?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Na weye?" akauliza. "Nimeangalia, nimerudilia. Weye uko wapi? Bamekuficha nyuma?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi, papa, ule mtu ni mimi. Lakini kumwambia kulikuwa kama kumkubalia kwamba alikuwa sahihi miaka yote ile: kwamba ili mwanamke apulize nje, kwanza lazima awe mwanaume. Nikasema mtandao unasumbua, nitampigia. Kisha nikakaa kitandani na simu mapajani. Niliona aibu, na baada ya aibu nikaona hasira, na hasira hiyo haikuwa kwa baba.

Jumatatu nilifika Newtown kabla ya wengine. Mzee alikuwa peke yake ukumbini, analehemu bomba la tromboni, miwani imeshuka puani. Nikaweka masharubu yangu juu ya meza, karibu na kopo la lehemu, nikaweka na alto. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuombea maji kwamba kuanzia leo napuliza na uso wangu, au atafute alto mwingine.

Alizima moto wa lehemu kwanza. Yeye ni mtu wa kumaliza jambo moja kabla ya kuanza jingine.

"Hapakuwa na wanawake kwenye bendi zile," akasema. "Unajua si mimi niliyepanga."

"Na Wakongo walikuwepo?"

Akaisukuma miwani juu ya pua.

"Kolneti yako ya kwanza ni Mkenya. Tromboni zako ni Wazulu. Siku nilipokuja uliniambia ngozi ya mtu si sare, haihesabiwi. Mimi nilifurahi. Sasa ngozi yangu nzima mmeisamehe, kuanzia unyayo mpaka utosi, isipokuwa hapa?" Nikajigusa mdomo wa juu.

"Watazamaji wanajua," alisema. "Ngozi wanaiona, wanajua ni leo. Lakini masharubu..." Akatafuta maneno. "Masharubu ni kitu tunachoweza kukifanya sawasawa. Vingine hatuwezi."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonifanya nipunguze sauti. Alikuwa mtu mwenye vitu vichache anavyoweza kuvirekebisha, na alivishikilia. Nikamweleza habari za baba. Sikuzipamba. Nilimwambia kuhusu ndani na nje, na kwamba mzee wa watu alinitafuta kwenye picha akanikosa, akamsifu mwanaume niliyemtengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwambia nikisimama na masharubu tunadanganya, na nikisimama bila masharubu tunadanganya pia, kwa hiyo achague uongo ambao mimi naweza kupumua ndani yake.

Aligeuzageuza bomba la tromboni lililopoa. "Eish," akasema mwishowe. Kisha akasema labda nisimame pembeni, mwisho wa mstari, wapiga picha wasinielekee.

"Alto inakaa katikati."

"Ndiyo," akasema kwa huzuni, maana hilo hakuweza kulipinga. "Alto inakaa katikati."

Mara iliyofuata hatukwenda shambani. Tulipuliza hapohapo Newtown, kwenye uwanja ulio jirani na soko, Jumamosi adhuhuri. Mwenzangu alifunga saluni siku ya Jumamosi, jambo ambalo katika kazi yetu ni wazimu, akaja na simu yangu akasimama mbele yangu kabisa. Safari hii hatukutaka kurekodi. Alipiga simu ya video Bukavu moja kwa moja. Watu walipita na mifuko yao, wengine wakasimama. Nilivaa koti na kofia kama wenzangu, na mdomo wangu wa juu ulikuwa kama Mungu alivyouleta. Wanaume kushoto na kulia walikuwa na masharubu yangu, wamenyooka. Mkenya alininong'oneza bila kugeuka, "Leo utaskia baridi peke yako, mama," na nikajua ananitakia heri.

Mzee akainua mkono. Nikatazama simu ili nione uso wa baba kabla ya pumzi ya kwanza. Nilichokiona ni sikio. Sikio kubwa, la kahawia, limejaa kioo kizima. Baba alikuwa ameishika simu ya video kama anavyoshika simu zote za maisha yake.

"Papa!" mwenzangu akapiga kelele, watu wakageuka. "Isiwe kwa sikio! Angalia! Kwa macho, papa, kwa macho!"

Sikio likaondoka, dari ikapita, ukaja uso wa baba na miwani yake, karibu mno. Mkono wa mzee ukashuka na tukaanza. Nilipuliza nikimtazama. Nilihisi mashavu yakivimba na sikuyazuia, nikamwona akiyaona. Kolneti ziliponyamaza na wimbo ukabaki kwangu, kichwa chake, kilichokuwa kikifuata mdundo, kikatulia.

Kipande kilipokwisha, mwenzangu alikuja na simu mpaka mstarini. Hilo haliruhusiwi, mtu wa zama zile hana simu. Mzee aliinua uso akachunguza anga kwa makini, kana kwamba mvua inatarajiwa.

"Ule mutu wa alto," baba akasema.

"Ni mimi, papa."

"Na ile siku ingine?"

"Na ile siku pia. Walinivalisha masharubu."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Nyuma yake niliona ukuta wa sebule yetu. Nilingoja anikaripie, au anicheke, na nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Kaka zako, benye nilifundisha," akasema taratibu, "hakuna hata moja anapuliza leo."

Mzee alikuwa ameshauinua mkono tena, na kulia kwangu Mkenya alikuwa ameshavuta pumzi.

"Papa, tunaanza kingine," nikamwambia. "Usikate."

"Sikati," akasema.